Siku Tulipombeba Muzee kwa Machela

Katika karakana ya hospitali yetu, mashine ilipewa undugu kabla ya kupewa namba. Hiyo ilikuwa kanuni ya chef, mkuu wetu wa karakana, na chef alikuwa akitengeneza mashine za hospitali ile tangu mimi sijazaliwa. Baba yake alikuwa fundi wa reli, babu yake pia, na yeye aliamini kwamba mashine unayoiita kwa namba utaipiga nyundo, lakini unayoiita mama mkubwa utaisalimia kwanza. Ukiisalimia utaisikiliza, na ukiisikiliza itakuambia inaumwa wapi.

Kwa hiyo pipa la mvuke la kuchemshia vifaa vya upasuaji lilikuwa Mama Mukubwa. Mashine ya kukamua mashuka, iliyokufa na kusukumwa kwenye kona ya sehemu ya kufulia, ilikuwa Tantine, yaani shangazi kwa Kifaransa chetu cha nyumbani. Jenereta ilikuwa Shemeji, kwa sababu ilikuja pale tu ilipopenda na ilikula sana. Na pampu ya kupandisha maji hadi kwenye tangi la juu, pampu ya kijani iliyokaa nyuma ya wodi ya upasuaji ya wanaume, nzito kama mtu mzima, ilikuwa Muzee.

Wiki ya kwanza nilidhani watu hawa wana matatizo. Wiki ya tatu nilijikuta namwambia Mama Mukubwa pole.

Niliingia karakana nikitokea kwenye mashuka. Shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari, baba alipofariki. Mama naye akamfuata kaburini baada ya muda si mrefu, nikabaki na wadogo zangu watatu katika nyumba ya vyumba viwili, Kenya. Nasema Kenya ya Lubumbashi, komini yetu yenye soko na makanisa na kelele, si ile nchi. Hospitalini nilikuwa mfuaji wa siku: leo upo, kesho wanaangalia kama mashuka ni mengi. Nilifua hivyo miaka minne. Siku moja nikamwambia chef, aliyekuwa akipita na bisibisi sikioni, kwamba mashine ya kukamua inakohoa.

“Inakohoa namna gani?” akauliza.

Nikamkoholea. Nilikohoa vile vile inavyokohoa, kwanza kavu, halafu na mkwaruzo wa mwisho. Wafuaji wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini juu ya mashuka. Chef hakucheka. Wiki iliyofuata mashine ikafa, na ilikata roho kwa mkwaruzo ule ule. Chef alikwenda ofisini akasema anamtaka yule dada anayekohoa. Wakamkubalia, kwa majaribio ya miezi mitatu. Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa saba ningepewa karatasi ya kazi au ningerudishiwa sabuni yangu.

Karatasi hiyo haikuwa yangu peke yangu. Mama alipofariki, baba mdogo alikuja kutoka Kolwezi, akaita kikao cha familia, akatugawa. Si kwa ubaya. Yeye ndiye mwanamume mkubwa aliyebaki upande wa baba, na alifanya alivyoona wakubwa wake wakifanya. Mdogo wangu wa kwanza angekwenda naye Kolwezi. Wa pili angekwenda kwa shangazi, Ruashi. Kitinda mimba wetu, msichana ambaye wakati ule alikuwa hata hajang'oka jino, angekwenda Likasi kwa binamu wa mama ambaye sisi tulimjua kwa picha ya harusi tu, tena amefunikwa nusu na kofia ya mtu mwingine. Mimi sikuwa kwenye orodha. Nilikuwa mkubwa, ningejijua.

Nilisema hapana. Sikuwa na hoja, nilisema tu hapana, kila mwaka alipokuja, kwa sauti ile ile. Mwishowe alichoka.

“Sawa,” alisema. “Siku batakupa karatasi ya kazi, kazi ya kweli, si ile ya kufua leo na kesho kurudishwa, siku ile nitanyamaza. Hii majaribio yako ikiisha bila karatasi, minakuya kugawa batoto. Na usilie.”

“Siwezi kulia, papa.”

“Najua. Ndiyo inanichosha.”

Kitinda mimba alisikia lile neno, kugawa, akalichukua jinsi anavyojua yeye, kama wanavyogawa mkate. Jioni ile, tukila bukari, ugali wetu, aliniuliza polepole, akiniita kama dada mkubwa anavyoitwa kwetu, “Yaya, bakitugawa, miye batanikata wapi?”

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa, wiki mbili kabla ya ile Ijumaa, baba mdogo alipopata ngiri. Angeweza kupasuliwa Kolwezi. Alisema amechagua hospitali yetu kwa sababu ya madaktari, lakini siku aliyofika, kabla hata ya kuuliza kitanda chake, aliuliza karakana iko wapi. Alisimama mlangoni akaniangalia nimevaa ovaroli la mwanamume mrefu, limekunjwa mikono mara nne.

“Hii ndiyo kazi?” akasema.

“Ndiyo, papa.”

“Mm.”

Alilazwa katika wodi ya upasuaji ya wanaume. Kwa sababu ya mvi zake na jinsi alivyowakemea wauguzi kuhusu uji, wodi nzima ikamwita Muzee. Mimi niliona kwamba sasa tuna wawili, mmoja ndani ya ukuta na mwingine nje, wanatenganishwa na dirisha. Sikuliona kuwa jambo la kuandikia mtu barua.

Aliyekuja naye ni mke wake, mama mdogo, mwanamke mpole anayelia hata kwenye ubatizo. Shangazi naye alitoka Ruashi na sufuria tatu. Kwetu mgonjwa halazwi peke yake. Ndugu wanapiga kambi uani, kila familia na mbabula yake ya makaa, wanapika, wanafua, wanapokea wageni, na habari za hospitali wanazijua kabla ya daktari. Shangazi alichukua nafasi nzuri karibu na njia ya saruji, penye kila kitu kinapita. Baada ya siku mbili alikuwa kama mkuu wa kituo.

Siku ya tatu baada ya upasuaji, asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba, maji yalikatika. Tulikwenda nyuma ya wodi watu watatu: chef, mimi, na fundi wa umeme. Fundi huyu alizaliwa Butembo. Kaka zake wote ni wafanyabiashara wa jumla wenye malori, yeye peke yake alipenda nyaya. Pampu ilikuwa kimya. Chef alipiga magoti, akaweka sikio juu ya chuma, akakaa hivyo muda mrefu.

“Alikufa,” akasema.

“Imekufa, chef,” fundi akamsahihisha. “Mashine ni i, mtu ni a. Imekufa. Nyinyi watu wa Lubumbashi mnachanganya.”

“Weye na Kiswahili yako ya Butembo. Huyu alinywesha bagonjwa maji miaka yote, halafu leo anakuwa i?”

“Ni kitu, chef.”

“Ni Muzee.” Akavua kofia, akaanza kufungua bolti na kuzitia ndani ya kofia moja moja, zisipotee mchangani.

Mkokoteni wa karakana ulikuwa na gurudumu moja bovu, kwa hiyo mizigo tuliibeba kwa machela ya zamani ambayo wodi iliitupa. Na kwa sababu majira yale vumbi jekundu linaingia hata kwenye meno, chef alikuwa na sheria nyingine: mashine iliyofunguliwa hubebwa imefunikwa. Nikachukua shuka safi kwa wafuaji wenzangu wa zamani, tukaifunika pampu kutoka upande wa injini mpaka miguuni. Nasema miguuni kwa sababu ndivyo ilivyoonekana. Injini ilijitokeza mbele, mviringo, kama kichwa. Kabla ya kuinua, mafuta yaliniruka machoni. Nikayafuta kwa mkono, nikayazidisha.

Sasa tazama msafara unaotoka nyuma ya wodi ya wanaume. Fundi wa umeme mbele, kimya, kwa sababu mzigo ni mzito. Mimi nyuma, macho mekundu, machozi yananitiririka. Chef pembeni, kichwa wazi, kofia ameishika kifuani kwa mikono miwili. Na kati yetu, chini ya shuka jeupe, kitu chenye uzito wa mtu.

Uani, vijiko viliacha kugonga sufuria. Mama mmoja aliyekuwa akichambua lengalenga, mchicha wa kwetu, akasimama.

“Papa, ni nani?” akamuuliza chef.

“Ni Muzee,” chef akajibu. “Ule wa kwa wanaume. Alikufa hii asubuhi.”

“Mungu wangu. Alikuwa anaumwa?”

“Tangu juzi alikuwa anapiga kelele, hakuna muntu alimusikiliza. Sasa tunaenda kumufungua, tuone ndani.”

“Pole sana, papa.”

“Asante, mama,” akasema chef, na alimaanisha.

Hapo ndipo tulipofika mbele ya sufuria za shangazi. Mimi mikono inakatika, macho yanawaka, naona vivuli tu. Nilisikia sauti yake.

“Mutoto wa kaka yangu! Ni Muzee?”

Nimelifikiria jibu langu mara nyingi tangu siku ile. Ningeweza kusema pampu. Neno ni fupi, liko katika kila Kiswahili. Lakini wiki ya kumi na tatu katika karakana ile, pampu halikuwa neno lililo karibu na mdomo wangu.

“Ndiyo, tantine, ni Muzee,” nikasema nikihema. “Usiogope. Kesho tutamurudisha.”

Tukapita.

Yaliyofuata niliyakusanya baadaye, kwa huyu na yule. Shangazi na mama mdogo walikimbia wodini. Kitanda cha baba mdogo kilikuwa kitupu. Si kitupu tu, kilikuwa kimevuliwa mpaka godoro, kwa sababu Jumatatu ni siku ya kubadilisha mashuka. Wauguzi walikuwa upande mwingine wakigombania ndoo mbili za maji zilizobaki. Palikuwa na mgonjwa mmoja tu, mwanamume aliyepasuliwa taya, amefungwa bendeji kutoka kidevuni hadi utosini. Wakamuuliza Muzee wa kitanda hiki yuko wapi. Yule maskini alitaka kusaidia. Hakuweza kusema, kwa hiyo alionyesha kwa kidole nje, kupitia dirishani, na kwa kuwa ni mtu mwenye heshima, aliinamisha kichwa.

Ukweli ni kwamba daktari alikuwa amemwambia baba mdogo atembee. Lakini hilo nani wa kulisema?

Sisi tulikuwa karakanani. Tulikuwa tumeshamweka Muzee juu ya meza, nimeshamfungua, na nilikuwa nimefurahi kupita kiasi, kwa sababu nilikuwa nimeona ugonjwa. Ndani ya injini kuna pete ya chuma yenye gololi, ambayo chef aliiita mufupa. Mufupa wa Muzee ulikuwa umesagika. Na niliujua mkwaruzo wake: ulikuwa ule ule niliomkoholea chef kwenye sehemu ya kufulia. Tantine alikuwa na mifupa miwili ya namna hiyo, na uliosagika ulikuwa mmoja.

Kilio kilianza wakati huo. Kilianza kwa sauti moja, zikawa tano, ukawa ua mzima.

“Leo kuna kilio kikubwa,” chef akasema, akichagua spana. “Nani alikufa?”

“Kila siku kuna mtu,” fundi akasema. “Hospitali.”

Tukaendelea. Halafu upepo ukaleta maneno. “Muzee wa Kolweziiii!” Hiyo ilikuwa sauti ya shangazi, hata redio haina sauti ile. “Kuja kufia ugenini! Na kubebwa na mutoto wa kaka yake mwenyewe! Na anasema kesho tutamurudisha! Na banamupasua sasa hivi!”

Fundi wa umeme aliweka koleo chini. Aliniangalia, akaangalia pampu, akamwangalia chef.

“I,” akasema polepole. “Nilisema, mashine ni i.”

Nilikimbia. Njia ya mkato inapita katikati ya kamba za kuanikia, ambako siku za Jumatatu mashuka ya hospitali nzima hutundikwa safu kwa safu. Upande wa pili wa safu ya mwisho ni ule ua wa kupikia. Nilipasua shuka la kwanza, la pili, la tatu, nikajikwaa juu ya mtu.

Baba mdogo alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ndani ya kanzu ya wagonjwa, mkono juu ya kidonda, anaota jua. Kati yake na kilio chake palikuwa na shuka moja.

“Papa!” nikaanza.

Alinivuta ovaroli mpaka nikachuchumaa.

“Nyamaza,” akanong'ona. “Bado batoto banne.”

Sikuelewa. Halafu nikasikia. Shangazi alikuwa ameacha kulia kidogo ili apige simu, na alikuwa ameiweka simu kwenye spika, kwa sababu kuna ndugu wengi na yeye hapendi kurudia. Nilitambua sauti ya kaka yake mwingine, anayekaa Likasi, inakatika na mtandao.

“Mukubwa niletee miye,” ilisema simu. “Ana nguvu. Atanisaidia kufyatua matofali.”

“Mukubwa kwako, Likasi,” akasema shangazi, kama anayesoma nauli. “Ule wa pili, Kipushi. Wa tatu?”

“Batoto bangu!” alilia mama mdogo. “Tantine, maji ya kumuosha baba yabo haiyapashwa moto, na munagawa batoto!”

“Nyamaza, mama, maji hakuna, pampu ya hapa iko mbovu. Wa tatu?”

“Wa tatu ni ule mwenye anakojoa kitandani?” ikauliza simu.

“Aliacha!” akalia mama mdogo.

“Kama aliacha, nipe.”

Nilimwangalia baba mdogo. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayesikiliza mpira kwenye redio, timu yake inafungwa. Kila mtoto aliyetajwa, midomo yake ilitaja jina kimya kimya. Walipofika kwa kitinda mimba wake, msichana wa miaka sita, rika moja na wa kwetu, pakawa kimya. Simu ilikuwa imekatika. Shangazi akaipiga tena.

“Ule mudogo hana penye kwenda,” alisema wakati akisubiri. “Labda yule binamu wa Bel-Air, mwenye hana mutoto. Anamujua?”

“Hamujui!” alisema mama mdogo.

“Atamuzoea.”

Baba mdogo alisimama. Nilitaka kumshika, aliutoa mkono wangu. Aliniangalia.

“Yako,” akasema, “ule mudogo, alisema nini? Siku nilisema nitabagawa?”

“Aliuliza batamukata wapi.”

Alitikisa kichwa mara mbili. Kisha akalishika shuka lile jeupe kwa mikono miwili, akalitenganisha na la jirani yake, akatoka uani akiwa na kanzu nyeupe, jua la asubuhi mgongoni.

“Ule mudogo haendi Bel-Air,” akasema.

Shangazi wangu ana miguu mibaya, amelalamikia magoti yake tangu namjua. Alifika getini kabla ya mtu yeyote. Njiani alipiga teke mbabula mbili na sufuria ya lengalenga ya yule mama wa watu. Simu ilibaki chini, inaita, halafu ikapokelewa, na sauti ya Likasi ikasema, “Sawa, na ile koti yake ya kijivu, nani anachukua?”

Baba mdogo akainama, kwa taabu kwa sababu ya kidonda, akaiokota.

“Miye mwenyewe,” akajibu, akakata.

Mama mdogo alikuwa amemkumbatia miguu na analia zaidi ya alipokuwa amekufa.

Kulipotulia, chef alifika kutoka karakana na kofia yake ya bolti, na kwa kuwa yeye akili yake ilikuwa kwenye maji ya wodi, hakuona shangazi anarudi taratibu, ameshika kifua. Akaniambia kwa sauti kubwa, mbele ya wote, “Dada, ulisema kweli. Tukamutoe Tantine mufupa, tumutilie Muzee. Tantine hana kazi tena.”

Shangazi akageuka akarudi getini.

Saa tisa alasiri Muzee alikuwa mahali pake na mufupa wa Tantine, anapandisha maji bila kukohoa. Saa tisa na nusu nikapewa barua ya kuomba maelezo. Kila mfanyakazi wa Kongo anaiogopa barua ile. Wanakuuliza kwa maandishi kwa nini ulifanya ulichofanya, na wewe unajibu kwa maandishi, na jibu linaingia kwenye faili yako. Yangu iliuliza kwa nini nilitangaza kifo cha mgonjwa aliye hai na kuhatarisha utulivu wa hospitali. Mfanyakazi wa majaribio hajibu barua mbili za namna ile. Hata moja hutosha.

Niliandika jibu mezani kwetu, wadogo zangu watatu wakinisimamia kama walimu. Yule wa kwanza alinisahihisha Kifaransa. Wa pili alisema niweke neno “kwa heshima” mara nyingi. Kitinda mimba alichora pampu pembeni, nikamwacha. Nilieleza mambo yalivyokuwa, kutoka kwenye bolti mpaka kwenye lengalenga. Nilimalizia kwamba kosa ni langu, kwa kuwa niliulizwa nikajibu, na kwamba pampu inafanya kazi.

Kesho yake nilisimama mbele ya meza ya mkuu wa utawala, mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo ambaye hakuna aliyewahi kuyaona meno yake. Alikuwa hajamaliza ukurasa wa kwanza mlango ulipogongwa. Akaingia baba mdogo, kwa kanzu ya wagonjwa na lile koti la kijivu juu yake.

“Wewe ni nani?” akauliza mkuu wa utawala.

“Mama, miye ndiye marehemu.”

Mkuu alimwangalia juu ya miwani.

“Karibu, marehemu. Ikala.”

Akakaa. Alisema hakuja kulalamika. Alisema kama kuna mtu wa kulalamika hapa ni yeye, maana ndiye aliyekufa, na yeye halalamiki. Alisema mtoto wa kaka yake amefanya kazi miaka minne ya kufua na wiki kumi na mbili za spana, na kwamba yeye mwenyewe amelala pale, amenywa maji ya ile pampu. Mkuu wa utawala akarudi kwenye barua yangu. Alisoma ukurasa wa pili. Nilimwona anafika mahali pa koti, kwa sababu macho yake yalihama kutoka karatasini hadi kwenye koti lenyewe, yakarudi. Alitoa kitambaa, akajifunika mdomo, akageuka kuelekea dirishani. Mabega yalikuwa yanatikisika.

“Tokeni,” akasema bila kugeuka. “Wote wawili.”

Hatukujua maana yake ni nini.

Baba mdogo alitoka hospitali Alhamisi, akaja kwetu Kenya kupumzika kabla ya safari. Shangazi alikuja pia, kwa sababu ilikuwa imepangwa tangu zamani kwamba akija mjini kutakuwa na kikao. Alikaa mbali na mimi kidogo. Wadogo zangu walipangwa kwenye mkeka kama kawaida, kuanzia mrefu. Karatasi ya kazi sikuwa nayo, kikao kizima kilijua.

Baba mdogo alikunywa chai mpaka ikaisha.

“Batoto banabaki hapa,” akasema. “Bote, na yaya yabo.”

“Na karatasi?” akauliza shangazi. “Ulisema karatasi.”

“Nilisema.”

“Wasipomupa?”

“Wasipomupa, hapana karatasi. Batoto banabaki.”

“Kaka, tangu zamani jamaa inafanya…”

“Najua jamaa inafanya nini,” akasema. “Nilikuwa pale. Nilikuwa nyuma ya shuka.”

Shangazi akaangalia vidole vyake vya miguu. Kitinda mimba wetu akainua mkono, kama darasani.

“Papa, hatukatwi?”

“Hamukatwi,” akasema baba mdogo, na ghafla akahitaji kutoka nje kuangalia kama kuna baridi.

Ijumaa nilipewa karatasi. Ilikuwa na muhuri, na cheo changu, na chini yake, kwa kalamu ya mkuu wa utawala mwenyewe, mstari mmoja wa nyongeza: kuanzia leo mashine zote za hospitali zitaitwa kwa namba. Chef alisoma mara tatu. Alitii, yeye ni mtu wa kanuni. Pampu ikawa Namba Saba, na kila asubuhi anapiga magoti nyuma ya wodi ya wanaume na kusema kwa sauti ya ofisini, “Namba Saba, jambo.” Halafu anaangalia kama kuna mtu, anainama zaidi, na midomo yake inagusa chuma. Fundi wa umeme husema hasikii kitu.

Baba mdogo hupiga simu kila Jumapili baada ya misa.

“Muzee iko namna gani?” anauliza kwanza.

“Iko muzuri, papa. Anapandisha maji.”

“Na batoto?”

“Beko hapa.”

“Batatu?”

“Batatu, papa.”

“Mm,” anasema, na anakata.